Je, Disneyland Paris iuze nyumba za likizo kwa zamu?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni Mtanzania, nasoma usimamizi wa hoteli nchini Ubelgiji. Darasani tumepewa kazi: je, Disneyland Paris ijenge makazi ya taimusheya kama yale Disney wanayouza Florida, ambapo familia nyingi humiliki makazi yaleyale na kuyatumia kwa zamu? Wenzangu karibu wote wameandika ndiyo. Wanasema mradi wa namna hiyo unaleta fedha nyingi kwa mkupuo, na kwamba kinachouzuia ni sheria za Ulaya tu. Mimi nasita, ila hoja zangu ni chache. Halafu nina swali la pembeni: shemeji yangu anaishi Lille, kaskazini mwa Ufaransa, na amealikwa kwenye hafla ya kuuziwa wiki za likizo huko Uhispania. Nimwambie nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kusita kwako kuna msingi. Mimi naishi kwa kutathmini hoteli kwa ajili ya wakopeshaji, na mtu akiniletea mradi huo ningemwambia hapana. Sheria zipo na nitazigusa, lakini hazishiki nafasi ya kwanza. Kinachoamua ni usiku mgapi familia ya Ulaya hulala pale, na uhuru ambao mwenye hoteli hupoteza akishauza vyumba vyake kwa miongo kadhaa.

Tuanze na Florida, maana wenzako wameiga kutoka huko. Disney Vacation Club, yaani mpango wa taimusheya wa Disney, ilianza mwaka 1991. Mnunuzi hakabidhiwi chumba fulani kwa wiki fulani. Anapata kipande cha umiliki katika jengo, chenye tarehe ya mwisho, na kila mwaka kipande hicho humpa pointi za kulipia malazi. Wiki ya Krismasi inakula pointi nyingi, siku za kati ya wiki mwezi Januari zinakula chache. Mikataba ya mwanzo kabisa inaisha tarehe 31 Januari 2042. Ukiacha bei ya kununua, kuna ada ya matunzo ya kila mwaka, uende usiende. Mpango huo umekua hadi kupita familia 200,000.

Umekua kwa sababu za mahali. Walt Disney World, eneo la Disney huko Florida, ina bustani kuu nne za burudani na mbili za michezo ya maji, kwenye ardhi ya takriban hekta 10,000. Mmarekani aliyeruka na watoto kutoka Chicago hafiki pale kulala usiku mmoja. Anakaa siku nyingi, na wapo wanaorudi kila mwaka au kila baada ya mwaka. Kwa mtu kama huyo, kulipia mapema likizo za miaka mingi kunaweza kuwa na hesabu. Tena Disney hawahitaji kumtafuta mteja, maana yumo ndani ya uzio wao tayari, amefurahi, na dawati la mauzo liko njiani anapokwenda kula.

Sasa hamia Marne-la-Vallée, ilipo Disneyland Paris. Bustani ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992, kama kilomita 32 mashariki ya Paris, na ya pili ikafuata mwaka 2002. Ni bustani mbili tu. Tangu mwaka 1994 kituo cha treni za kasi kipo mlangoni. Shemeji yako akipanda treni Lille asubuhi, baada ya saa moja hivi yuko getini, na jioni anaweza kurudi kulala kwake. Kutoka Brussels au Lyon safari ni ya saa mbili hivi. Mkazi wa Paris anapanda RER tu, treni ya mjini na vitongojini. Wanaolala hulala usiku mbili au tatu, wanamaliza bustani zote mbili, wanaondoka. Mwakani familia hiyohiyo inataka bahari ya Uhispania, au kuteleza kwenye theluji ya milima ya Alps, au nyumbani kwa bibi. Mfanyakazi wa Ufaransa ana majuma matano ya likizo ya kulipwa kwa mwaka, kwa hiyo muda anao. Anaugawa tu kwenye nchi nyingi zilizo karibu naye. Ukimtaka alipie miaka 40 ya likizo mahali anapopamaliza kwa siku tatu, bidhaa na mteja havikutani.

Mwenzako makini atakupinga kwa kukutajia Marriott's Village d'Île-de-France. Ni hoja nzuri, usiikwepe. Ni makazi ya taimusheya, yako Bailly-Romainvilliers, mwendo mfupi kwa gari kutoka bustanini, na yamedumu miaka mingi. Mahitaji yapo, basi. Lakini tazama ni mahitaji ya nini. Zile ni nyumba za ghorofa zenye jiko, sebule na vyumba viwili au vitatu, ambazo familia huzifanya kituo cha wiki nzima: siku moja Disney, siku nyingine mnara wa Eiffel, nyingine Versailles. Wenye wiki au pointi mahali pengine duniani nao hubadilishana ili waje Paris. Wanaofika pale wanaufuata mji mkuu wa Ufaransa, na bustani ni sehemu ya safari. Soko hilo ni la kweli, ila ni dogo, na limeshapata mwenyewe.

Tuingie kwenye fedha, ambako naona darasa lako limeteleza. Nitumie namba za mfano, nilizozichagua kwa urahisi wa hesabu. Usizinukuu kama takwimu. Chukua nyumba ya vyumba viwili iliyojengwa kwa yuro 400,000. Ukiigawa katika wiki 50 na kuuza kila wiki kwa yuro 20,000, umekusanya yuro 1,000,000. Hapo ndipo macho ya watu yanapong'aa. Lakini taimusheya haijiuzi. Kuna wauzaji wa kamisheni, zawadi, chakula cha hafla, matangazo, na wale wengi wanaosikiliza kisha wakaondoka bila kununua. Tuseme nusu ya mapato inaishia huko. Toa gharama ya ujenzi, unabaki na yuro 100,000 kabla ya kodi, pamoja na ujira wa usimamizi miaka inayofuata.

Nyumba hiyohiyo iendeshe kama hoteli. Tuseme yuro 300 kwa usiku, ijae asilimia 80 ya mwaka: ni yuro 87,600. Nusu ikienda kwenye uendeshaji, unabakiwa na 43,800. Ndani ya miaka tisa na kitu umerudisha gharama ya ujenzi, na nyumba bado ni yako yote. Mgeni wa hoteli pia hununua kifurushi chenye tiketi, na bei unaipandisha wakati wa sikukuu jinsi soko linavyoruhusu. Kwa mmiliki wa taimusheya siku hizo umeshaziuza zamani, kwa bei ya zamani.

Kwa hiyo taimusheya inamfaa mjenzi mwenye kiu ya mtaji, au anayeogopa vyumba vitupu na anataka hofu hiyo ibebwe na mtu mwingine. Na kwa haki, kiu hiyo Disneyland Paris waliwahi kuwa nayo. Walifungua hoteli sita zenye jumla ya vyumba zaidi ya 5,000, wakiwa na madeni makubwa, wakitegemea pia kuuza mali zisizohamishika ili kuyapunguza. Uchumi wa Ulaya ukalegea, soko la majengo la Paris likaanguka, na vyumba vikakosa watu. Hoteli ya Newport Bay Club, kubwa kuliko zote pale, ilifungwa majira ya baridi ya kwanza. Mwaka 1994 ikabidi deni lipangwe upya, na Mwanamfalme Alwaleed bin Talal wa Saudi Arabia akaingia na mtaji. Ungeniuliza mwaka 1993 kama wauze sehemu ya vyumba kwa zamu, ningelifikiria kwa uzito, ingawa wanunuzi wangekuwa wagumu kupatikana katika uchumi ule. Leo hali ni tofauti kabisa. Kampuni mama iliichukua yote mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikatangaza upanuzi wa yuro bilioni 2. Mwenye mfuko huo hana sababu ya kuuza Krismasi zake za miaka 40 ijayo.

Kuna jambo ambalo sijaona likiandikwa vya kutosha katika mijadala hii, na ningependa wewe uliandike. Hoteli za bustani ya burudani ni sehemu ya maonyesho, na maonyesho hubadilishwa. Hotel New York ilifungwa, ikavuliwa sura yake, ikarudi Juni 2021 ikiwa na sanaa ya Marvel, wale mashujaa wa vitabu vya katuni na filamu. Disneyland Hotel, ile ya waridi juu ya lango kuu, ilifungwa na janga la korona mwaka 2020, na wakaamua kuikarabati kabisa; ikapokea wageni tena Januari 2024. Fikiria kama vyumba vyake vingekuwa na maelfu ya wamiliki wenye hati na ada zilizolipwa. Nani angethubutu kuifunga kwa karibu miaka minne? Ungewapeleka wapi? Ungewalipa nini? Na ukitaka kupunguza vyumba vya kawaida ili upate vyumba vikubwa vya bei ya juu, utaomba ridhaa ya nani? Umiliki wa zamu unaligandisha jengo katika sura iliyokuwapo siku ya mauzo, na bustani inayogandishwa inazeeka.

Ada nayo ni mtego. Ukiikadiria juu, hununuliwi. Ukiikadiria chini, utaaibika. Disney wenyewe, pamoja na uzoefu wao, walisimamisha mauzo ya taimusheya ya Aulani, hoteli yao ya Hawaii, mwaka 2011 baada ya kubaini kwamba ada za mwaka zilikuwa zimekadiriwa chini mno, na viongozi wakapoteza kazi.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya namba 2008/122 yanampa mnunuzi siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu, yanakataza kupokea malipo yoyote ya awali ndani ya siku hizo, na yanakataza kuuza taimusheya kwa kuiita uwekezaji. Florida wanatoa siku 10. Tofauti hiyo ya siku nne haiui biashara nzuri. Katazo la malipo ya awali ndilo linalouma zaidi, kwa sababu muuzaji hawezi kumfunga mtu akiwa bado na furaha ya fataki za jana usiku. Nchini Ufaransa kuna pia sheria ya Januari 1986, ambayo chini yake mnunuzi huwa mwanahisa wa kampuni inayomiliki jengo. Analipa michango hata asipolala, na hisa hurithiwa na watoto pamoja na michango yake. Wafaransa wengi wameona wazazi wao wakihangaika kutoka humo, na kumbukumbu hiyo ni kikwazo kikubwa kuliko kifungu chochote.

Profesa akikuuliza ungependekeza nini badala yake, sema kwamba kinachokosekana karibu na bustani ni malazi ya familia kubwa. Chumba cha hoteli cha watu wanne hakiwafai bibi, shangazi na watoto watano, na familia zetu zilizoko Ulaya zinalijua hilo vizuri. Davy Crockett Ranch, kambi ya Disney karibu na bustani, ina vibanda vyenye jiko tangu 1992. Jenga zaidi za aina hiyo, uzipangishe kwa usiku. Mtaji ukihitajika kutoka nje, kuna njia ya Villages Nature, kijiji cha likizo kilichofunguliwa mwaka 2017 kilomita chache kutoka bustanini kwa ubia wa Disney na kampuni ya Kifaransa ya makazi ya likizo, Pierre & Vacances: nyumba ziliuzwa kwa wawekezaji, kisha mwendeshaji akazikodi kutoka kwao na kuzipangisha kwa wageni. Disney walikuja kujitoa katika ubia huo. Njia hiyo nayo ina maumivu, na usiyafiche. Mwaka 2020, nchi ilipofungwa, Pierre & Vacances walisimamisha kulipa kodi kwa wenye nyumba zao, na wengi wakaenda mahakamani. Lakini angalau mwekezaji ni mtu aliyeingia akijua kwamba anafanya biashara, na mwendeshaji anabaki huru kupanga bei za siku.

Sasa shemeji. Mwambie kwanza kwamba mwaliko wa hafla ya namna hiyo unatakiwa na sheria kusema wazi kuwa ni wa kibiashara. Kama uliandikwa kana kwamba ameshinda zawadi, asiende. Akienda, asitoe hata senti ya amana, wala namba ya kadi. Adai maelezo na mkataba kwa Kifaransa, kwa kuwa anaishi Ufaransa. Ni haki yake. Atazame mkataba unaisha lini. Mahakama ya Juu kabisa ya Uhispania iliamua Januari 2015 kwamba mikataba isiyo na mwisho, au inayopita miaka 50, iliyofungwa chini ya sheria yao ya 1998 ni batili, na wapo waliohangaika miaka mingi kabla ya kupata hukumu kama hiyo. Kisha atafute mtandaoni wiki za mahali hapohapo zinazouzwa na wamiliki wa sasa. Mara nyingi atakuta watu wanazitoa karibu bure ili mtu mwingine abebe ada ya mwaka, na bei hiyo ailinganishe na ile atakayotajiwa na muuzaji.

Kama atakuwa ameshasaini usiku huohuo, asihangaike kwa simu. Mkataba lazima uambatane na fomu ya kujitoa. Aijaze, aitume kwa barua ya rejista kabla siku 14 hazijaisha, na abaki na risiti ya posta na nakala ya fomu. Kama hakupewa fomu hiyo, muda wake wa kujitoa hurefuka kwa mwaka mmoja zaidi, kwa hiyo ahakikishe kwanza ni karatasi zipi hasa alizokabidhiwa.