Goti lililoacha kuuma si goti lililopona

Kocha, shikamoo. Niligeuka na mpira, goti likalia "ko!", usiku likavimba kama embe dodo. Sasa ni wiki ya tatu, haliumi tena. Jumamosi tuna fainali ya ndondo. Nicheze? (Kijana wa Makorora, Tanga)

Marahaba. Usicheze. Goti likilia hivyo na kuvimba ndani ya saa chache, mara nyingi limejaa damu, na mshukiwa wa kwanza ni kano ya msalaba ya mbele, ile inayozuia mfupa wa ugoko usichomoke kwenda mbele. Ikikatika, uvimbe hushuka wenyewe, unatembea mpaka sokoni Ngamiani na kurudi, unajiona mzima. Siku ukigeuka kwa kasi, goti linateguka tena, na kila likiteguka linasaga gegedu zilizokaa kati ya mifupa. Mimi langu la kushoto nililichezea hivyo msimu mzima pale uwanja wa Mkwakwani. Leo nikishuka ngazi natangulia ubavu kama kaa.

Nenda hospitali ya Bombo, daktari alishike goti na kulivuta kwa mkono. Eksirei inaonyesha mfupa, kano haionekani, kwa hiyo usirudi na picha safi ukatangaza umepona.

Bibi anataka kunichua na kunikanda maji ya moto. Nimeumia jana. (Mwingine)

Msalimie bibi, umwombe asubiri. Siku mbili tatu za mwanzo joto na kuchua huongeza uvimbe. Funga barafu kwenye kitambaa, weka dakika 15, mara kadhaa kwa siku, mguu ukiwa juu ya mto. Maji ya moto ya bibi zamu yake itafika.

Nilipasuliwa kano miezi 6 iliyopita. Timu inanihitaji, na mimi nakimbia vizuri tu. (Mwingine)

Timu inakuhitaji kwa mechi moja, goti unalihitaji mpaka uzeeni. Kano uliyowekewa ilikatwa sehemu nyingine ya mwili wako, na huchukua miezi mingi kuimarika. Utafiti wa Norway uliotoka 2016 uliona kwamba kila mwezi mchezaji aliosubiri, hadi wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu. Azima futi ya fundi cherehani, pima mapaja yote mawili mahali pamoja juu ya goti. Vipimo vikipishana, bado una kazi ya kuchuchumaa. Kisha ruka kwa mguu mmoja: mguu mbovu ufikie angalau asilimia 90 ya umbali wa mguu mzima.

Ronaldo wa Brazil, ingawa yake ilikuwa kano ya chini ya pia ya goti, alirudi uwanjani Aprili 2000 na ikakatika tena ndani ya dakika chache. Safari ya pili alisubiri zaidi ya mwaka. Kombe la Dunia la 2002 akafunga mabao 8.

Ni kweli sisi wasichana tunaumia goti zaidi? Nacheza netiboli, Chumbageni.

Kweli, hasa hiyo kano ya msalaba. Tatizo kubwa ni kutua. Ruka kutoka juu ya tofali, mwenzio akupige video kwa simu. Magoti yakikimbiliana ndani, hapo ndipo pa kurekebisha: tua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa na yaelekee vidoleni.

Nianze kukimbia mchangani, ufukwe wa Raskazone? (Mwingine anayeuguza goti)

Mchanga mkavu bado. Anza na baiskeli, na Tanga huna udhuru wa kuikosa. Pandisha tandiko mpaka mguu ukaribie kunyooka pedali ikiwa chini.