Diklofenaki juu ya losartan

Mama wa miaka 74 anayemeza dawa za presha, losartan na haidroklorothiazidi (ya kukojoza), kisha duka la dawa limpe diklofenaki ya maumivu ya magoti? Aache diklofenaki leo. Dawa za presha aendelee nazo. Diklofenaki hubana mishipa inayoingiza damu kwenye figo, losartan hulegeza inayoitoa, na haidroklorothiazidi hupunguza maji mwilini: figo inakosa msukumo wa kuchuja. Presha nayo hupanda, halafu anaongezewa dozi ya dawa za presha pasipo sababu. Ibuprofeni ni yale yale.

Maumivu: parasetamoli ya miligramu 500, vidonge 2 mara 3 kwa siku, visizidi 6 (akiwa chini ya kilo 50 au ana shida ya ini, dozi ishuke). Kama ameshameza diklofenaki siku kadhaa, apimwe damu: kreatinini (kipimo cha figo) na potasiamu. Mkojo ukipungua au miguu ikivimba, msisubiri tarehe ya kliniki.