Kwa nini etha hukauka kabla ya maji ilhali molekuli zake ni nzito zaidi

Mkuu, umeuliza: uzito wa molekuli ya maji ni 18, wa etha (dietili etha, kimiminika cha maabara) ni 74, mbona etha ndiyo inayowahi kukauka? Umekwama kwa sababu umeanzia kwenye uzito. Anza na kinachozishika molekuli zisiruke.

Kwenye maji, haidrojeni imeshikana na oksijeni moja kwa moja, kwa hiyo kila molekuli inamng'ang'ania jirani kwa kifungo cha haidrojeni. Etha nayo ina oksijeni, lakini imekaa katikati ya kaboni mbili na haidrojeni zote ziko kwenye kaboni. Haina cha kumshikia mwenzake. Ndiyo maana kwenye nyuzijoto 20 kanieneo ya mvuke (msukumo wa mvuke unaotoka kwenye kimiminika; ukiwa mkubwa, kimiminika hugeuka mvuke kirahisi) wa maji ni milimita 17.5 za zebaki, ethanoli kama 44, asetoni kama 185, etha inapita 400.

Kama bado una shaka, angalia butanoli. Fomula yake ni C4H10O, ileile ya etha, uzito uleule 74. Etha inachemka kwenye nyuzi 35, butanoli 118! Tofauti ni OH, yaani haidrojeni iliyoshikana na oksijeni kama kwenye maji, iliyo mwishoni mwa mnyororo, basi.

Uzito unasaidia ukilinganisha vya ukoo mmoja: methanoli inachemka 65, ethanoli 78, propanoli 97. Umbo nalo lina neno: pentani iliyonyooka inachemka 36, lakini neopentani, iliyojikunja kama mpira, 9.5 tu, maana molekuli zake zinagusana kwa eneo dogo.

Kujaribu mwenyewe, chukua kipande cha kioo na bomba la sindano la ml 1. Weka tone la ml 0.05 la maji, la spiriti (ethanoli iliyochanganywa na maji) na la asetoni, kila moja mahali pake, mbali na feni na dirisha. Spiriti ya asilimia 70 itaanza kwa kasi kisha itazubaa, kwa sababu mwishoni kinachobaki zaidi ni maji. Tone lililotambaa litawahi kukauka, lakini hiyo ni kasi ya kukauka. Kanieneo ya mvuke haijali upana wala wingi wa kimiminika, inajali ni kimiminika gani na kina joto gani. Wanafunzi wengi wanapoteza alama hapo.

Asetoni iweke mbali na jiko. Etha usiijaribu nyumbani kabisa. Hapa ndipo ile 74 inapokuwa na uzito kweli: mvuke wake ni mzito kuliko hewa kama mara 2.5, unatambaa juu ya meza hadi kwenye moto ulio mbali, kisha moto unarudi kwenye chupa.