Lukina kudumaa kwenye mvua nyingi

Ndugu, umeuliza kwa nini lukina yako, mti wa malisho jamii ya kunde, inadumaa na kuwa njano huku brakiaria, nyasi ya malisho iliyo kando yake, ikinawiri. Ninashuku udongo kuliko mvua yenyewe. Mvua za miaka mingi huosha kalsiamu, udongo unabaki na asidi, na alumini inayoyeyuka humo hudumaza ncha za mizizi. Brakiaria huivumilia, aina ya humidicola hustahimili hata maji yaliyotuama, maana mizizi yake ina njia za kupitisha hewa. Lukina haiwezi, na bakteria wanaoipatia naitrojeni kwenye vinundu vya mizizi yake hudhoofika pia, hivyo inakosa naitrojeni. Tafadhali pima pH ya udongo, yaani kipimo cha asidi, kabla ya kung'oa. Ikiwa chini ya 5, yaani asidi ni kali, weka chokaa, au panda Arachis pintoi, jamii ya karanga inayotambaa na kuvumilia asidi.