Kigodoro cha jirani na mtoto mchanga ndani

Pole dada. Umeuliza ufanyeje na kigodoro cha jirani, ile ngoma ya mtaani ya usiku kucha. Muziki hadi saa kumi alfajiri, na wewe una kichanga cha wiki tatu! Usiende kugombana ngoma ikishakolea, hapo hakuna anayekusikia. Nenda mchana, maturubai yanapofungwa, umwombe mama mwenye shughuli spika zitazame barabarani, siyo dirisha lako. Besi ndiyo mchawi, hata mabati yanatetemeka. Wakiipunguza hiyo tu utapumua. Akigoma, muulize mtendaji wa mtaa kibali kinaishia saa ngapi. Ikipita hapo, polisi. Ingekuwa baa ya kila wiki, ningekwambia uandike tarehe na saa, urekodi kwa simu, upeleke NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kanuni za kelele na mitetemo zipo tangu 2015.