Kabla ya kukata sauti, tazama rula inahesabu nini

Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kurekodi upya mazungumzo ya filamu fupi. Mhariri wa picha akanitumia ujumbe: "Sentensi ya pili ianze 1:05:12." Nikasogeza kipande hadi dakika 1, sekunde 5 nukta 12, nikahifadhi, nikatuma. Kesho yake asubuhi simu ikaita: mtu anasikika kabla hajafungua mdomo.

Ile 12 ilikuwa fremu, yaani picha moja moja zinazounda video. Video yake ilikuwa ya fremu 25 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu ni milisekunde 40, na fremu 12 ni milisekunde 480. Mimi niliweka 120. Sauti ikatangulia picha kwa milisekunde 360, na kwenye uso wa mwigizaji hilo huwezi kulificha. Tulirudia sentensi zote, moja baada ya nyingine.

Tangu siku hiyo, nikifungua mradi wowote macho yangu huenda kwanza juu ya dirisha, kwenye ule ukanda wenye namba, yaani rula. Kwenye Reaper, programu ya kuhariri sauti, bonyeza ukanda huo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, utaona vipimo vya kuchagua: dakika na sekunde, baa na biti (biti ni pigo moja la muziki, baa ni kundi la mapigo hayo), sampuli (vipimo vidogo vidogo vya sauti, maelfu kwa kila sekunde), fremu. Kwenye Audacity, programu nyingine ya aina hiyo, rula inakupa dakika au biti, na visanduku vya saa vina kimshale kidogo cha kuchagulia vipimo vingine. Sisi tunaosema saa moja asubuhi huku simu imeandika 7:00 jambo hili halitupi shida: wakati ni uleule, kilichobadilika ni pa kuanzia kuhesabu.

Rula ya baa ndiyo inayowasumbua wengi, hasa wanaoanza kutengeneza muziki nyumbani. Kwanza, baa huanzia 1, wakati saa huanzia 0. Tempo, yaani kasi ya muziki, ikiwa biti 120 kwa dakika na mdundo ni wa nne kwa nne, baa moja ni sekunde 2. Mwimbaji akisema ataingia baada ya baa 8, anaingia mwanzoni mwa baa ya 9, yaani sekunde ya 16. Ukimweka kwenye 8 atakuwa amewahi kwa baa nzima.

Pili, rula ya baa haisikilizi ulichorekodi. Inachora mistari kwa tempo iliyoandikwa kwenye mradi, na mradi mpya mara nyingi huja na 120 hata kama hujaiomba. Umerekodi kwaya bila kliki (mlio wa kuhesabia mdundo), au chakacha yenye mdundo wa sita kwa nane, halafu unaanza kukata kwenye mistari ile? Utakata pumzi za watu. Kwa rekodi ya namna hiyo rudi kwenye dakika na sekunde, zima sumaku inayovuta vipande kwenye mistari, kisha kata kwa sikio.

Na hapa naomba uwe makini sana. Kubadilisha kipimo cha rula hakugusi sauti hata kidogo, ila kubadilisha tempo kunaweza kuigusa. Reaper kwa kawaida hufunga vipande kwenye biti, kwa hiyo ukitoa 120 ukaweka 95, vipande vinahama na kurefuka. Kama ulirekodi bila kliki, ingia kwanza kwenye mipangilio ya mradi, uvifunge kwenye saa badala ya biti, ndipo uguse tempo.

Sampuli mimi huzitumia kwa kazi moja tu, kuondoa mlio mdogo wa "tik" uliobaki mahali nilipounganisha vipande. Usimpe mwenzako namba ya sampuli bila kumwambia mradi ni wa sampuli ngapi kwa sekunde. Sampuli ya 48,000 ni sekunde 1 kamili kwenye mradi wa 48,000, lakini kwenye ule wa 44,100 imeshavuka hapo kwa karibu milisekunde 88.

Siku hizi nikiandikiana na mhariri wa picha siweki nukta pacha peke yake. Naandika: "Dakika 1, sekunde 5, fremu 12, video ya fremu 25." Naye akinitumia namba tupu, nampigia kabla sijagusa kipande.