Bima Imelipa, Mgongo Bado Unauma: Mfiziotherapia Anajibu Maswali Yenu

SWALI: Shikamoo dokta. Mgongo unanisumbua mwezi wa nne sasa, kazi yangu ni ya kukaa kutwa. Bima walinikubalia sesheni 6 za fiziotherapia na nimeenda zote, kila nikifika nalazwa kifudifudi napakwa jeli nazungushiwa kile kimashine mgongoni dakika kama 10 hivi, afu nawekewa joto, afu naambiwa tuonane wiki ijayo. Sesheni zimeisha naumwa vilevile na bima wanasema hawaongezi mpaka ripoti ioneshe maendeleo. Sasa hayo maendeleo ntayatoa wapi? Tatizo ni mimi au ni tiba? – Mama K.

JIBU: Marahaba Mama K, na pole sana. Tatizo sio wewe.

Kile kimashine ni ultrasaundi ya tiba, ndugu yake ile ya kuangalia mimba ila hii haitoi picha, inapeleka mawimbi ya sauti kwenye nyama. Mi nimekishika miaka mingi, najua mpaka ule ubaridi wa jeli unavyomshtua mtu mabega yakapanda. Shida ni kwamba kwenye tafiti ambazo kundi moja liliwekewa mashine iliyowashwa na lingine iliyozimwa, na wagonjwa hawajui ipi ni ipi, kwa mgongo wa muda mrefu tofauti inayopatikana ni ndogo mno kiasi kwamba huwezi kuiona kwenye maisha ya mtu. NICE, taasisi inayoandaa miongozo ya tiba kule Uingereza, ilitoa mwongozo wa maumivu ya mgongo mwaka 2016 na imesema waziwazi wagonjwa wa mgongo wasipewe ultrasaundi, wala TENS ile ya vimeme, wala kuvutwa mgongo, wala mikanda ya kiunoni. Kilichowekwa mbele ni mazoezi na kumuelewesha mtu aendelee na shughuli zake.

Utauliza sasa kwanini ulilazwa pale mara 6? Bima nyingi zinalipa kwa kitu kilichofanyika, mashine ina mstari wake kwenye fomu, joto lina mstari wake, na mashine haihitaji mtaalamu akae na wewe sana, anaweza akawa na wagonjwa wengine wawili nyuma ya mapazia. Lakini kukaa na wewe nusu saa nikuulize unalalaje, unaogopa nini, unakaa muda gani bila kuinuka, nikuinue kwenye kiti na kukukalisha mara 10 nikiangalia unavyobeba uzito, hiyo inakula muda wa mtaalamu kwa mgonjwa mmoja na malipo yake mara nyingi hayana tofauti na ya ile mashine. Niliwahi kufanya kazi sehemu moja, kila mwisho wa mwezi tunasomewa nani kaweka mashine ngapi, hata siku moja hatukusomewa ni wagonjwa wangapi wamerudi kazini, na linaniuma mpaka leo kwa sababu na mimi niliziweka nikijua.

Sasa fanya hivi. Rudi kwa mtaalamu wako, kwa heshima tu, mwambie unataka programu ya mazoezi na unataka upimwe. Bima ukiwaandikia "anajisikia nafuu kidogo" hawana cha kushika. Wakiandikiwa kwamba alikuwa anakaa dakika 15 ndo maumivu yanamzidi sa hivi anakaa 40, au kwamba kwa sekunde 30 alikuwa anainuka kwenye kiti mara 7 bila kushika mikono na sasa anainuka mara 12, hapo wana namba mbele yao na kukataa kunakuwa kugumu. Kipimo hicho cha kiti kinajulikana kwa mfiziotherapia yeyote, hakina gharama na hata wewe unaweza kukifanya ukiwa na saa tu. Kama hukupimwa siku ya kwanza basi pimwa leo, leo ndo iwe siku ya kwanza.

SWALI: Nimepiga picha ya MRI, majibu yanasema diski 2, ile mito laini ya kati ya pingili, zimetokeza na pingili zimesagika. Nina miaka 41. Tangu nisome ile karatasi nimeacha kuinama, mtoto wangu simbebi tena. Cha ajabu bima walilipa MRI bila maswali ila fiziotherapia wanataka barua juu ya barua. – Baba mwenye hofu

JIBU: Kaka yangu, hiyo karatasi imekuumiza kuliko diski.

Mwaka 2015 watafiti walikusanya vipimo vya watu 3,110 ambao walikuwa HAWAUMWI mgongo kabisa. Waliokuwa na miaka 20, asilimia 37 walishakuwa na diski zilizochakaa, na kwa wa miaka 80 ilifika asilimia 96. Hizo diski kutokeza kama zako, asilimia 30 kwa wa miaka 20 na 84 kwa wa miaka 80. Yani ni kama mvi, zinakuja na umri, na mwenye mvi hatumwiti mgonjwa. Simaanishi maumivu yako ni ya kufikirika, unaumwa kweli, ila picha peke yake haisemi kwamba mgongo wako utavunjika ukiinama.

Kwamba bima inalipa picha haraka na mazoezi kwa kusuasua, hilo nalilalamikia miaka yote. Picha ni kitu kimoja, tarehe moja, risiti moja. Mazoezi ni wiki nyingi na hakuna cha kushika mkononi, kwa hiyo kwenye karatasi yanaonekana ni gharama isiyo na mwisho wakati picha isiyohitajika ndo wakati mwingine inamfikisha mtu kwenye upasuaji ambao angeweza kuukwepa.

Anza kuinama kidogo kidogo. Wiki hii okota kitu chepesi juu ya kiti, ikizoeleka shusha mpaka kwenye kigoda, afu chini, afu ongeza uzito. Mtoto utambeba. ILA ukipata ganzi sehemu unayokalia au sehemu za siri, mkojo ukagoma au ukatoka wenyewe, au miguu ikaanza kuishiwa nguvu, usinisubiri mimi wala bima, nenda hospitali saa hiyohiyo.

SWALI: Mimi mfiziotherapia mpya kazini. Mkuu wangu anasema hizo tafiti ni mambo ya darasani, yeye ana miaka 25 anaweka mashine na watu wanapona. Nimjibuje?

JIBU: Mdogo wangu, usimbishie kwamba wanapona. Wanapona kweli. Mtu anakuja kwetu siku maumivu yako juu kabisa, na maumivu mengi ya mgongo hushuka yenyewe ndani ya wiki kadhaa, kwa hiyo chochote utakachomfanyia siku ile kitasifiwa.

Hata wapasuaji waliwahi kuona hivyohivyo. Mwaka 2002 kulichapishwa utafiti wa wagonjwa 180 wenye magoti yaliyosagika, wengine wakasafishwa goti kwa kamera, wengine wakachanwa ngozi tu na kushonwa. Kwa miaka miwili waliosafishwa hawakuwa na maumivu pungufu kuliko waliodanganyiwa. Na kila daktari aliyekuwa anafanya ule upasuaji alikuwa na wagonjwa waliomshukuru.

Uzoefu wake usiudharau lakini. Daktari David Sackett na wenzake walipoeleza mwaka 1996 tiba ya ushahidi ni nini, walitaja utafiti bora, uzoefu wa mtaalamu na anachotaka mgonjwa, vyote pamoja. Ingia PEDro, hazina ya tafiti za fiziotherapia iliyofunguliwa 1999 kule Australia, ni bure na majaribio yamepewa alama mpaka 10 kwa ubora. Chukua mgonjwa mmoja tu, muombe mkuu umshughulikie kwa mazoezi, mpime mwanzo na mwisho, afu mpelekee namba.

SWALI: Goti limesagika, bima imenipa sesheni 3 tu. Nifanyeje?

JIBU: Ni chache, sikufichi. Denmark wana programu ya magoti na nyonga tangu 2013, inaitwa GLA:D, mazoezi yake yanasimamiwa mara 12 ndani ya wiki 6. Wewe una 3, basi usizimalize wiki moja. Ya kwanza upimwe na ujifunze mazoezi manne matano, omba ujirekodi kwenye simu ukiyafanya. Fanya nyumbani mara 3 kwa wiki, goti likiuma kidogo wakati wa zoezi likatulia kufika kesho yake endelea, likivimba punguza. Ya pili nenda baada ya wiki 3 uongezewe uzito. Ya tatu ifiche mpaka wiki ya 8 hivi, ukapimwe tena, na siku hiyo usikubali kulazwa kwenye mashine.